Matangazo Mengi, Ari Haba: Mawasiliano Kazini Yanavyojenga au Kuvunja Moyo wa Wafanyakazi

Kampuni moja nchini Marekani ilipoteza mikataba mikubwa ikajikuta haiwezi kuwalipa watu wake kama kawaida. Badala ya kupunguza wafanyakazi, ikakata mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 katika viwanda vyake viwili. Makato yalikuwa yale yale na muda ule ule. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kusema. Katika kiwanda cha kwanza uongozi ulikaa na wafanyakazi kwa saa moja na nusu hivi, ukawaonyesha mahesabu, ukaeleza kwa nini njia hii ndiyo iliyochaguliwa, ukaonyesha wazi kwamba unasikitika, kisha ukajibu maswali. Katika kiwanda cha pili kikao kilichukua robo saa: mikataba imepotea, mishahara itapungua, basi. Kiwanda cha tatu hakikuguswa, kikabaki cha kulinganishia.

Mtafiti Jerald Greenberg, aliyechapisha matokeo hayo mwaka 1990, alipima jambo ambalo watu hawalisemi kwenye dodoso: vitu vinavyoibwa kiwandani. Wizi ulipanda kote kulikokatwa mishahara, ila kule kwa kikao cha robo saa ulipanda zaidi, na huko ndiko watu wengi zaidi walikoacha kazi. Mishahara iliporudi, wizi nao ukashuka. Fedha waliyopoteza watu wa viwanda vile viwili ni ile ile. Wa pili walipoteza na heshima juu yake.

Taasisi nyingi leo haziwezi kulaumiwa kwa kutotoa habari. Kuna waraka wa mkurugenzi, kundi la WhatsApp la kila idara, jarida la ndani, mkutano mkuu wa kila robo mwaka, bango la maadili ya taasisi ukutani. Na bado watu wanaingia, wanatimiza saa zao, wanaondoka. Gallup, shirika ambalo limepima ari ya kazi kwa miaka mingi, lilikuta kwamba mwaka 2024 ni asilimia 21 tu ya wafanyakazi duniani waliokuwa wameweka moyo wao katika kazi. Mwaka mmoja kabla walikuwa asilimia 23. Kipimo cha namna hii kina mipaka, kwa kuwa kinategemea swali lilivyoulizwa na mazoea ya anayejibu. Lakini hata ukiongeza mara mbili, bado walio nje ni wengi kuliko walio ndani. Ninavyoona mimi, tumekuwa tukitazama upande usiofaa. Tunahesabu yanayotoka kwa uongozi, wakati ari hujengwa au kubomolewa katika muda mfupi sana: ule unaofuata baada ya mfanyakazi kufungua mdomo.

Maswali matatu ambayo hayaulizwi kwa sauti

Mtafiti aliyeanza kulichambua jambo hili kwa utaratibu ni William Kahn, ambaye mwaka 1990 aliandika kuhusu walezi wa kambi ya vijana na wafanyakazi wa ofisi ya wasanifu majengo. Aliona kwamba mtu yule yule huweza kujitoa kwa moyo wote asubuhi na mchana akajifungia ndani ya nafsi yake, mwili upo kazini, yeye hayupo. Kinachoamua ni maswali matatu ambayo kila mtu hujiuliza bila hata kujua kwamba anajiuliza. Je, kazi hii ina maana ya kutosha nijitoe? Je, nikijitoa, nikasema ninachokiona, nitabaki salama? Na je, nina nguvu za kufanya hivyo leo?

Swali la kwanza hujibiwa kwa mfanyakazi kuona matunda ya kazi yake. Mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake walionyesha hili mwaka 2007 katika kituo cha simu cha chuo kikuu kimoja, ambako watu walikuwa wakipiga simu kuomba michango ya ufadhili wa masomo. Kazi ngumu, watu hukata simu, wengine hutukana. Kundi moja likakutanishwa kwa dakika 5 na mwanafunzi aliyesomeshwa na fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda waliotumia kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Meneja wao hakutoa hotuba. Alitoa nafasi. Mhasibu ambaye hajawahi kuona malipo aliyoyaidhinisha yamefanya nini, au fundi ambaye hajawahi kusikia kutoka kwa anayetumia mashine aliyoitengeneza, ananyimwa kitu ambacho kingemgharimu mwajiri dakika chache.

Swali la tatu, la nguvu, tulipitie haraka kwa sababu jibu lake linajulikana ila halitekelezwi. Mchumi Herbert Simon alisema mwaka 1971 kwamba habari hula usikivu wa anayezipokea. Zikizidi, usikivu unakuwa haba. Ujumbe wa kazi unaoingia saa nne usiku kwenye kundi la simu unakula nguvu za kesho. Jambo linalohitaji kusomwa na watu watano likitumwa kwa watu mia mbili, limewachosha mia moja tisini na watano. Anayetuma anapaswa kujiuliza nani hasa anahitaji kujua na afanye nini akishajua, na kama hana jibu, asitume.

Swali la pili ndilo zito, na nitalirudia kwa kirefu.

Habari zinazoshuka

Kwa nini kiongozi mwenye nia njema hueleza jambo na watu wasielewe? Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazofahamika na kila mtu, na wenzao wakabashiri ni wimbo gani. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zingetambulika. Ziligongwa nyimbo 120. Zikatambulika 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani, maneno na ala zake. Msikilizaji anasikia ko-ko-ko.

Mabadiliko ya idara hufika kwa wafanyakazi kwa namna hiyo hiyo. Uongozi umekaa miezi mitatu ukijadili, umebishana, umetupa mapendekezo manne na kubaki na la tano. Siku ya kutangaza, mambo yote hayo yamekuwa ya kawaida kwake, hivyo unaandika mistari mitatu: kuanzia mwezi ujao kitengo hiki kitaunganishwa na kile ili kuongeza ufanisi. Anayesoma hajui tatizo lilikuwa nini, njia nyingine zilizofikiriwa ni zipi, wala yeye binafsi atakuwa wapi. Na hilo la mwisho ndilo la kwanza kwake. Akishaliuliza kimoyomoyo, hasikii tena sentensi inayofuata. Kwa hiyo tangazo zuri la mabadiliko huanza na linalomgusa msomaji: nani anahama, nani habadilikiwi na kitu, mshahara unaathirika au hauathiriki, lini. Mkakati unaweza kusubiri aya ya tatu.

Kunapokuwa na utupu, tetesi huujaza. Wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman waliweka kanuni mwaka 1947: nguvu ya tetesi ni umuhimu wa jambo kuzidisha kwa utata wake. Kuzidisha, si kujumlisha, kwa hiyo kimoja kikishuka hadi sifuri tetesi nayo inakufa. Kiongozi hawezi kupunguza umuhimu wa ajira ya mtu. Anachoweza kugusa ni utata tu. Na hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema: wanangoja mpaka kila kitu kikamilike ndipo waseme, wakidhani kimya ni hali ya kawaida. Kwa aliye chini, kimya kingi kina mshindo mkuu, naye atakisoma kwa namna mbaya kuliko ukweli wenyewe. Inatosha kusema: hili tumeshaamua, hili bado, na tarehe fulani tutarudi kwenu hata kama siku hiyo tutakuwa hatuna jipya. Kisha kurudi tarehe hiyo. Tarehe iliyotajwa na kutunzwa hutuliza watu kuliko maneno ya kuwaomba wasiwe na wasiwasi.

Kuhusu njia ya kufikisha ujumbe, nina neno moja. Jambo lenye uchungu au lenye tafsiri nyingi liseme uso kwa uso, au angalau kwa sauti, pale mtu anapoweza kuuliza. Ratiba, kanuni na takwimu ziandikwe. Na kabla ya kujisifu kwamba kila mtu amepata barua pepe, wakumbukwe wasio na meza wala kompyuta: walinzi, madereva, wasafishaji, wahudumu wa zamu za usiku. Mara nyingi hao ndio wanaosikia mabadiliko ya taasisi yao kutoka kwa wateja, na hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kumwambia mtu kwamba hahesabiki.

Habari zinazopanda

Habari mbaya hazipendi kupanda ngazi. Mwaka 1970 wanasaikolojia Sidney Rosen na Abraham Tesser walionyesha kwa majaribio kwamba watu husita kumfikishia mwenzao habari mbaya hata pale ambapo wao wenyewe hawana kosa lolote ndani yake. Ongeza hapo kwamba anayepelekewa ndiye anayeandika tathmini yako na kupendekeza kupandishwa kwako cheo. Kila ngazi inalainisha kidogo. Fundi anasema mashine imeharibika. Msimamizi anaandika kwamba mashine ina hitilafu. Meneja anaripoti kwamba kuna changamoto ndogo za kiufundi. Mkurugenzi anasoma kwamba kazi inaendelea vizuri. Katika msururu huo wote hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anadanganya.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga za juu Challenger, walisema katika kikao cha simu na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kwamba chombo kisirushwe. Baridi ilikuwa kali, na walihofia mipira inayoziba maungio ya roketi isingefanya kazi yake. Mameneja wao wakajitenga kwa mashauriano, wakarudi na jibu tofauti: kirushwe. Viongozi wa juu wa NASA waliotoa kauli ya mwisho hawakufikishiwa mjadala ule. Asubuhi ya tarehe 28 chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 waliokuwa ndani wakafa. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba mipira ile ndiyo iliyoshindwa, na kwamba namna ya kufikia uamuzi ilikuwa na kasoro kubwa. Taarifa sahihi ilikuwepo, ikasemwa na wanaoijua, ikaishia njiani. Maofisi ya kawaida hayarushi vyombo vya anga, lakini msururu ni ule ule, na madhara yake hulipwa polepole kwa wateja wanaohama na watu wenye akili wanaonyamaza.

Mtafiti Amy Edmondson alikutana na sura ya ajabu ya jambo hili katika utafiti alioutoa mwaka 1996 kuhusu makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia kwamba wodi zenye timu nzuri na viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyorekodiwa. Alipochimba zaidi akaona kwamba timu nzuri zilikuwa zikiyasema makosa yao, na zile za hofu zilikuwa zikiyafukia. Kwa hiyo ripoti safi isiyo na doa inaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Sijui kama kuna fundisho lenye thamani kuliko hili kwa meneja anayejivunia kwamba idara yake haina malalamiko.

Watu hunyamaza kwa sababu mbili ambazo hazifanani, na tiba zake hazifanani pia. Ya kwanza ni hofu: nikisema nitaumia. Ya pili ni kukata tamaa: nikisema hakuna litakalobadilika. Hofu inajulikana, na ndiyo maana kuna masanduku ya maoni na dodoso zisizotaja jina. Ila sanduku haliponyi kukata tamaa. Linakuza. Mtu anayejaza dodoso mwaka huu, mwakani akaletewa maswali yale yale bila kuambiwa majibu ya mwaka jana yalikwenda wapi, amefundishwa kwa vitendo kwamba sauti yake ni karatasi. Mwaka wa tatu atajaza haraka haraka, safu ya katikati kuanzia juu hadi chini, ili arudi kwenye kazi. Ningemshauri mwajiri yeyote asiulize jambo ambalo hana nia wala uwezo wa kuligusa.

Kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, karibu na Chicago, kinafahamika sana kwa majaribio ya mwanga na uzalishaji yaliyoanza mwaka 1924. Kinachosahaulika ni kwamba kati ya 1928 na 1930 wafanyakazi zaidi ya 20,000 wa huko walihojiwa mmoja mmoja. Wahojaji walianza na maswali yaliyopangwa, wakagundua watu wanataka kuzungumzia mengine kabisa, wakaacha maswali na kusikiliza. Hatua nzuri sana. Baadaye mwaka 1936 kampuni ikaweka washauri wa kudumu wa kusikiliza wafanyakazi, lakini washauri hao hawakupewa mamlaka ya kubadilisha chochote. Wakosoaji waliona hatari yake: mtu anatoa yaliyomjaa moyoni, anapata nafuu, tatizo linabaki palepale. Kusikiliza kwa namna hiyo kunamtuliza mlalamikaji na kumwacha mwajiri bila kazi ya kufanya.

Linganisha na kilichotokea Fremont, California. Kiwanda cha magari cha General Motors kilifungwa huko mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile cha wafanyakazi. Katika muda mfupi utoro ulishuka mno na ubora ukapanda hadi kushindana na viwanda vya Japani. Miongoni mwa yaliyobadilika ilikuwa kamba. Zamani mstari wa kuunganishia magari haukusimamishwa kwa lolote. Gari bovu lilipita likaja kurekebishwa mwishoni. Sasa kila mfanyakazi aliyeona kasoro alikuwa na kamba ya kuvuta. Akivuta, kiongozi wa timu anakuja pale pale, na kama jambo halijatatuka kwa wakati mstari mzima unasimama.

Kamba ile ni mawasiliano yaliyokamilika. Aliye chini anasema, aliye juu anafika, na jambo linashughulikiwa mbele ya macho ya aliyesema, ndani ya dakika. Haitakuwa haki kuisifu kamba peke yake: mkataba wa NUMMI ulilinda ajira, na watu walipewa mafunzo marefu. Mazungumzo mazuri juu ya ajira isiyo na uhakika hayana miguu. Lakini ukiondoa kamba, ulinzi wa ajira pekee usingemfanya mtu ajali kama mlango wa gari umefunga sawasawa.

Msimamizi wa karibu

Kati ya mkurugenzi na mfanyakazi yupo mtu ambaye hupewa lawama nyingi na mafunzo machache. Kwa makadirio ya Gallup, asilimia 70 ya tofauti ya ari kati ya timu moja na nyingine inahusiana na meneja wa timu. Mfanyakazi haishi na taasisi, anaishi na msimamizi wake. Hotuba ya uwazi kutoka juu hupimwa kwa sura ya msimamizi siku mtu anapomwambia, “Bosi, hili sikubaliani nalo.”

Dakika thelathini kila wiki mbili, msimamizi na mtu mmoja, ni chombo chenye nguvu kuliko mkutano mkuu wowote, mradi zisigeuke kuwa ripoti ya kazi. Ripoti ina mahali pake. Katika nusu saa hii anayezungumza zaidi awe ni mfanyakazi, na maswali yawe ya kujibika. “Mambo yanaendeleaje?” huleta “Salama.” Lakini “Ni kitu gani wiki hii kimekupotezea muda bila sababu?” huleta jambo. Vivyo hivyo “Ungekuwa mimi, ungeacha kufanya nini?” Mara ya kwanza watajibu kwa tahadhari. Jibu dogo la mara ya kwanza likishughulikiwa, la mara ya tatu litakuwa kubwa.

Mrejesho wa utendaji nao unahitaji uangalifu kuliko unavyopewa. Watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi mwaka 1996 wakakuta kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya visa ulishusha utendaji. Hatari huongezeka pale maneno yanapohama kutoka kwenye kazi kwenda kwa mtu mwenyewe. “Taarifa hii haina takwimu za mwezi wa pili, mteja hawezi kuamua” inamwachia mtu kitu cha kurekebisha. “Hauko makini” inamwachia aibu, na mwenye aibu hutumia nguvu zake kujikinga. Sifa pia huingia humu: “wewe ni hodari” hupendeza na kupotea, ila “ulivyompigia mteja kabla hajalalamika kumetuokoa” inamfundisha afanye nini tena.

Taasisi inayotaka kuanza bila bajeti ianze na ahadi moja: kila hoja itakayoletwa na mfanyakazi itapata jibu ndani ya muda uliotajwa, mathalani wiki moja, na jibu litakuwa mojawapo ya haya: tumelifanya, tutalifanya lini, au hatutalifanya na sababu ni hii. Hilo la tatu viongozi huliogopa bila sababu. Mtu mzima hupokea hapana yenye maelezo. Kinachomwondoa ni kutojibiwa. Orodha ya hoja na majibu iwekwe mahali ambapo kila mtu anaiona, walinzi na wa zamu ya usiku wakiwemo.

Uongozi ujiandae kwa jambo moja litakalotokea miezi ya mwanzo: malalamiko yataongezeka, na makosa yanayoripotiwa yataongezeka. Mtu wa makao makuu ataona grafu inapanda na kutaka kumwita meneja ajieleze. Akimwita kwa ukali, wodi itarudi kufukia makosa yake kesho yake. Aulize badala yake ni hoja ngapi zimejibiwa kwa wakati, ni ngapi zimerudiwa na watu wale wale, na ni nani katika timu ambaye hajasema kitu chochote tangu utaratibu uanze. Huyo wa mwisho ndiye wa kwenda kukaa naye.